Kioo Kilichosema Mbili

Hapo zamani, na msinikunjie uso kwa kusikia neno zamani, maana sisemi zamani za mazimwi, nasema zamani ya juzijuzi, vuli iliyopita, huko Upareni juu kulikuwa na mlima unaoitwa Ngwasi. Mlima huo una barabara moja tu, ya vumbi wakati wa kiangazi na ya utelezi wakati wa masika, na barabara hiyo ina kona saba. Juu wanalima tangawizi. Chini kuna malori yanayoinunua. Katikati hakuna gari linalokubali kupita, kwa hiyo kila kitu hushuka kwa pikipiki: tangawizi, wagonjwa, maharusi, hata maiti, Mungu atusamehe.

Sasa sikilizeni sheria za watu wa Ngwasi, maana bila hizo hamtaelewa kitu na mtaanza kuniuliza maswali katikati ya hadithi, jambo ambalo silipendi.

Sheria ya kwanza: ukishuka na abiria, unashuka kwa gia namba mbili, injini iikabe pikipiki isikimbie. Sheria ya pili: abiria ana kazi. Kila kona anauliza kwa sauti, "Namba ngapi?" na dereva anajibu papo hapo, "Mbili!" Dereva akisitasita, abiria ana haki ya kushuka na kutembea kwa miguu, na nauli halipi. Sheria ya tatu ndiyo iliyokuwa kali kuliko zote: hakuna kushuka fri. Fri ni pale gia isiposhika popote, injini inanguruma bure na pikipiki inajiendea yenyewe. Madereva wa milima ya jirani hushuka fri ili kubana mafuta, na kila mwaka wanazikana. Ngwasi, fri ilikuwa haifanywi na haitajwi. Ukiitaja kijiweni, watu wanakugeukia kama umemtukania mtu mama yake.

Kwa miaka kumi na moja, hakuna abiria aliyemwaga damu kwenye kona zile saba. Kumi na moja! Mwenyekiti wa kijiwe, Mzee Sifaeli, alikuwa akitembea mgongo umenyooka kwa sababu hiyo tu.

Basi, hapo Ngwasi alikuwepo dereva mmoja jina lake Elinaza. Mtu wa miaka arobaini na kitu, mpole, mwenye mzaha kidogo, na mpenda mluzi. Pikipiki aliyoendesha ilinunuliwa kwa tangawizi ya mkewe, Naetwe, na kadi yake ina jina la Naetwe, lakini watu waliiita pikipiki ya Elinaza, na mwenyewe Naetwe hakuona tatizo. Walikuwa na mtoto mmoja wa kike, Nakijwa, aliyekuwa akisoma bweni. Elinaza hakujua kazi nyingine. Kushuka na watu na kupanda na watu, hayo ndiyo yaliyokuwa maisha yake.

Siku hiyo, adhuhuri, Elinaza alirudi nyumbani kula. Akaegesha pikipiki, akaingia ndani akipiga mluzi, akakaa. Naetwe akatoka jikoni na sahani ya makande, akasimama ghafla.

"Baba Nakijwa," akasema, "hicho nini mguuni kwako?"

Elinaza akatazama chini. Kutoka mlangoni hadi kwenye kiti alichokalia palikuwa na alama nyekundu za kiatu cha kushoto. Akainua mguu. Msumari wa inchi nne ulikuwa umeingia chini ya soli, umepita ndani ya unyayo, ncha yake imetokeza juu karibu na kidole gumba. Damu ilikuwa imejaa kiatu.

"Umekanyaga saa ngapi?" Naetwe akauliza.

Elinaza alijaribu kukumbuka. Hakujua. Alikuwa ameshuka na abiria, amepanda na abiria, amenunua sigara, amecheka na watu, na msumari wa inchi nne ukiwa ndani ya mwili wake. Hakusikia maumivu. Hakusikia chochote. Alishtuka mpaka akashindwa kuuchomoa ule msumari mwenyewe, na Naetwe ndiye aliyeuvuta kwa koleo huku amegeuza uso.

Zahanati wakampima. Kisukari, wakasema, na kumbe kilikuwa naye muda mrefu. Jeraha litapona. Mguu wa kushoto, kuanzia kifundo kushuka chini, umekufa ganzi na hautarudi.

Habari za mlimani mnazijua zinavyokimbia. Kabla bandeji haijakauka, Mzee Sifaeli alikuwa ameshafika uani.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba. Elinaza, mguu wa kushoto ndio wa gia."

"Najua, Mzee."

"Kama msumari huusikii, pedeli ya gia unaisikiaje? Unajuaje uko namba ngapi?"

"Nimezoea, Mzee. Najua tu."

"Haya, tuone hilo najua tu."

Wakaisimamisha pikipiki kwa stendi kubwa, gurudumu la nyuma likielea hewani, injini ikiunguruma. Mzee Sifaeli akamfunga Elinaza macho kwa kilemba cha Naetwe. Akamwambia apande gia, ashuke gia, apande tena, halafu akamuuliza, "Namba ngapi?"

"Mbili."

Ilikuwa nne.

"Tena. Namba ngapi?"

"Tatu!"

Ilikuwa moja. Elinaza akakivua kilemba kwa nguvu, akaitazama pedeli ile aliyoikanyaga miaka kumi na sita, akauona mguu wake uko pale, kiatu kimegusa chuma, na hakuna kinachomfikia. Aliogopa vibaya sana. Aliwakumbuka abiria wote wa wiki ile mmoja mmoja.

"Abiria huchukui tena," Mzee Sifaeli akasema, kwa upole, lakini akasema. "Utakapoweza kunijibu bila kubahatisha, njoo. Nakupa siku kumi na nne. Zikipita, nafasi yako kijiweni anapewa mwingine. Usinichukie."

Sasa Naetwe alikuwa na ndugu wa kiume, mdogo wake wa kunyonya titi moja, anaitwa Kanuti. Huyu ndiye aliyekuwa fundi pikipiki wa mlima mzima, hakuna mwingine. Kanuti alipolisikia jambo hili akaja mbio, mikono bado ina grisi.

"Shemeji," akasema, "unalia nini? Pikipiki za siku hizi zina kioo kidogo pale mbele kinachoandika gia uliyomo. Moja, mbili, tatu, kinaandika. Ya kwako ni ya zamani, ilitoka kiwandani bila hicho kitu. Lakini viko vinavyouzwa peke yake, vya kufungia. Tutakitafuta."

"Kinasoma chenyewe?"

"Kinasoma chenyewe. Mguu hauna kazi ya kukumbuka tena. Unatazama tu."

Kwa mara ya kwanza tangu msumari, Elinaza alilala usingizi.

Wakashuka kutafuta, Kanuti akiendesha na Elinaza akiwa nyuma, abiria kwenye pikipiki yake mwenyewe. Wakafika Same, duka la kwanza.

"Kioo cha gia kipo?"

"Saiti mira ipo, honi ipo, kioo cha gia hakuna."

Duka la pili.

"Kioo cha gia kipo?"

"Plagi ipo, mnyororo upo, kioo cha gia hakuna."

Duka la tatu walimkuta dada mmoja anapaka rangi kucha. Akawasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Kwani ninyi gia hamzijui?" Elinaza akatoka nje bila kuaga.

Wakaenda Mwanga. Hakuna. Wakaenda Moshi, wakazunguka siku mbili. Kimoja kilipatikana, kizuri, kinang'aa, Elinaza akakishika kama mtu anayeshika yai. Kumbe ni cha pikipiki kubwa za kompyuta, plagi yake haiingii popote. Kingine kilipatikana kwenye simu, muuzaji yuko mbali, kinakuja baada ya mwezi. Mwezi! Siku zilizobaki zilikuwa nne. Kisha tatu. Kisha mbili.

Siku hiyo ya kumi na mbili wakaelekezwa kwa muuza vipuri vya mtumba mmoja, nyuma ya gereji ya kuchomelea. Mguu wa Elinaza ulikuwa umevimba, akabaki kwenye benchi la mama muuza chai, ng'ambo ya njia. Kanuti akaingia peke yake. Alikaa sana. Kutoka pale benchini Elinaza alimwona muuzaji ameshika kitu kidogo cheusi chenye nyaya, anamwonyesha Kanuti mahali fulani kwa kidole, anatikisa kichwa. Kanuti akaitikia. Muuzaji akatikisa kichwa tena.

Kanuti akatoka na gazeti limekunjwa. Ndani ya gazeti kulikuwa na kioo.

"Shemeji, hiki ndicho chenyewe."

Elinaza alitaka kuuliza, yule bwana alikuwa anakataa nini? Swali lilifika mpaka kwenye meno. Akaliacha hapo hapo, kwa sababu siku zilikuwa mbili, na kioo kilikuwa kioo.

Kanuti akakifunga siku iyo hiyo, kwenye banda lake. Akaunga waya baada ya waya, akazungusha tepu, akawasha swichi. Elinaza akakanyaga. Kioo kikaandika 1, nyekundu, wazi kabisa. Akakanyaga tena: 2. Tena: 3. Nne. Tano. Akarudi chini: 4, 3, 2, 1. Mwanamume mzima alilia mbele ya watu na hakujifuta.

Kesho yake Mzee Sifaeli akapanda nyuma ya Elinaza kumpima, mlima mzima, juu hadi chini.

Kona ya kwanza. "Namba ngapi?" "Mbili!"

Kona ya pili, akamwambia apandishe. "Namba ngapi?" "Tatu!" Arudishe. "Namba ngapi?" "Mbili!"

Ya tatu, ya nne, ya tano, ya sita. Moja ikajibiwa moja, mbili ikajibiwa mbili. Mzee Sifaeli ana sikio la injini la miaka thelathini, na kila jibu aliliona ni sawa. Kona ya saba alikaa kimya kidogo, kama mtu aliyetaka kusema neno. Kisha akampiga Elinaza begani.

"Umefaulu. Anza kesho."

Watu wakapiga makofi. Wengine wakaja kukitazama kile kioo, wakakigusa, wakaulizana kama na wao wasifunge, hata wenye miguu mizima.

Asubuhi iliyofuata palikuwa na abiria wanne wanaosubiri, na kila mmoja alikuwa na adabu ya kumpisha mwenzake atangulie. Mnacheka? Na ninyi mngepisha. Ndipo Naetwe akajitokeza na kanga yake kiunoni.

"Mimi ndiye wa kwanza," akasema. "Mume wangu atashuka na mimi."

Akapanda nyuma. Wakaondoka. Elinaza alikuwa akipiga mluzi.

Kona ya kwanza. "Namba ngapi, Baba Nakijwa?" "Mbili!"

Kona ya pili. "Namba ngapi?" "Mbili, Mama Nakijwa, mbili!" Na mluzi ukaendelea.

Kabla ya kona ya tatu kuna shimo. Elinaza alilijua, akalikwepa, gurudumu la nyuma likaligusa ukingo, pikipiki ikaruka kidogo. Mguu wake wa kushoto, ule usiosikia, ukaangukia pedeli ya gia na kuisukuma nusu. Nusu tu. Na kwenye pikipiki zetu, mnaoziendesha mnajua, fri imekaa hapo hapo, kati ya moja na mbili.

Injini ikashusha sauti. Ilikuwa inanguruma kwa kukaba, sasa ikawa inaimba taratibu kama pikipiki iliyoegeshwa dukani. Na pikipiki ikaanza kukimbia.

Elinaza aliisikia. Nataka mlijue hilo. Masikio yake yalikuwa mazima, na yalimwambia. Akatazama kioo. Kioo kiliandika 2.

"Namba ngapi?" Naetwe akapaza sauti.

"Mbili!"

Akakanyaga breki. Pikipiki ikapungua mwendo, kisha ikakataa kupungua. Harufu ya breki kuungua ikawapanda puani.

"Namba ngapi, Baba Nakijwa?"

"Mbili! Imeandikwa mbili!"

Kwa nini basi inakimbia? Alifikiri mnyororo umekatika. Alifikiri klachi imekufa. Alifikiri kila kitu isipokuwa kwamba kioo kinadanganya, kwa sababu kioo kile ndicho kilichomrudishia kazi yake.

"Mume wangu," Naetwe akasema sikioni kwake, "si mbili."

"Kioo kinasema mbili!"

Kona ya tatu ikafika. Elinaza akakata usukani upande wa mlima, si upande wa korongo, na kwa hilo wanaishi wote wawili. Wakauingia mfereji. Yeye alirushwa kwenye majani. Naetwe alibaki chini ya pikipiki.

Alipoamka, hakuisikia sauti ya mkewe. Alisikia injini. Ilikuwa bado inaimba, taratibu, na pikipiki imelala ubavu. Akatambaa. Aliuona mguu wa kulia wa Naetwe umekunjika mahali ambapo mguu haukunjiki, mfupa mweupe umetoka nje. Naetwe alikuwa macho, midomo imekauka, anamtazama. Na juu yao, kwenye usukani uliopinda, kioo kilikuwa bado kinawaka.

Mbili.

Elinaza akalizungusha gurudumu la nyuma kwa kidole. Likazunguka lenyewe, laini, bila kukabwa na chochote. Fri. Alibaki ameduwaa, anatazama kidole chake, anatazama namba, mpaka watu wa shambani walipofika wakamsogeza pembeni.

Haya. Naetwe akabebwa kwa machela hadi hospitali chini, akakaa wiki tano, akarudishwa mlimani vivyo hivyo akiwa na magongo, mguu umefungwa hogo gumu jeupe la plasta. Madaktari walisema utapona, lakini hautakuwa sawa na mwenzake. Na wiki zote hizo tano, kijiwe cha Ngwasi hakikuchukua abiria hata mmoja, kwa sababu ya sheria ya nne, ambayo sikuwaambia kwa kuwa hata wao walikuwa wameisahau. Sheria yenyewe ni hii: damu ya abiria ikimwagika, mtu mmoja lazima aache mlima. Anashuka, na kazi yake ya pikipiki Ngwasi inakwisha maisha. Mmoja. Hairuhusiwi kugawana, na mpaka apatikane, hakuna anayebeba abiria.

Wakakutana mchana, penye mzani wa tangawizi. Mzee Sifaeli akasimama kufungua kikao. Kabla hajasema neno, Elinaza akainuka.

"Msihangaike," akasema. "Ni mimi. Sikio langu liliniambia injini imeachia, nikalinyamazisha. Mke wangu aliniambia si mbili, nikambishia. Hata siku ya kukinunua niliona muuzaji anatikisa kichwa, sikuuliza. Nilikuwa nakitaka mno. Nitashuka mimi."

Watu wakainamisha vichwa. Walijua maana yake. Elinaza na ule mguu, shamba la mteremkoni hawezi kulilima. Akiacha pikipiki, amekwisha. Lakini walidhani kesi imeisha, wakaanza kujikung'uta kanzu na kaptula.

"Kaa chini, shemeji," Kanuti akasema.

Akasogea mbele. "Kile kioo kilikuwa kimeshatumika. Kinatakiwa kuwa na nyaya sita: wa moja, wa mbili, wa tatu, wa nne, wa tano, na wa fri. Ule wa fri ulikuwa umekatika shinani, hauungiki. Muuzaji aliniambia wazi: bila waya huu, ukiingia fri kioo hakijui, kinabaki kimeshikilia namba ya mwisho. Akaniambia nisikifunge kwenye pikipiki ya mlimani. Mimi nikajisemea, Ngwasi nani anashuka fri? Siku zilibaki mbili. Nikafunga nikijua. Aliyemvunja dada yangu mguu ni mimi."

Kanuti, fundi pekee! Akishuka yeye, nani atatengeneza breki za mlima mzima? Mama mmoja akaweka mkono kichwani. Na kabla hawajapumua, Mzee Sifaeli akavua kofia.

"Kanuti amesema Ngwasi nani anashuka fri," akasema. "Maneno hayo ni yangu, niliyapanda mimi. Siku ya kumpima Elinaza, kona ya saba, niliwaza nimwambie aweke fri kidogo, tuone kioo kinasemaje. Ningekiona kinadanganya pale pale. Nikaona haya. Miaka kumi na moja nimelipiga neno hilo marufuku, leo niliamrishe kwa mdomo wangu? Nikampiga begani, nikasema amefaulu. Kazi ya kupima ilikuwa yangu, peke yangu. Mimi ndiye wa kushuka."

Hapo watu wakapiga kelele. Wengine walisema hapana, Mwenyekiti hashuki! Wengine wakasema ndiyo, hasa yeye! Dereva mmoja alikaa chini kwenye matope kwa mshangao. Kesi iliyokosa mwenye kosa waliizoea. Kesi yenye watu watatu wanaogombea kosa, salale, hiyo hawakuwahi kuiona.

Ndipo yakasikika magongo.

Naetwe alisogea mpaka katikati. Elinaza akataka kumshika mkono, akakataa.

"Kanuti amewaficha jambo moja," akasema. "Amelificha kwa ajili yangu. Jioni ile ile aliyofunga kioo, alikuja jikoni akaniambia kila kitu. Waya, fri, namba kushikilia, yote. Akaniambia, dada, mimi nimeshindwa kumwambia, mwambie wewe. Nikamjibu, niachie. Sikumwambia."

Elinaza akamgeukia. "Ulijua?" akauliza. "Mama Nakijwa, ulijua?"

"Nilijua."

"Kwa nini basi..."

"Kwa sababu ulilala usingizi," Naetwe akasema. "Kwa sababu ulilia ukicheka. Nikasema nitapanda mimi wa kwanza, na wa pili, na wa kila siku nitakapoweza, nikae nyuma yako, niwe sikio lako. Injini ikiachia, mimi nitasikia."

"Na ulisikia! Uliniambia si mbili!"

"Nilikwambia si mbili," akasema. "Lakini nilikuwa na neno jingine mdomoni. Fri. Ningelisema hilo, ungekanyaga gia pale pale, tungesimama. Ningelisema, ungejua kwamba nilijua. Nikalimeza. Nikakwambia si mbili, nikakuacha uhangaike na kioo. Mguu huu nimeuvunja mwenyewe. Pikipiki ni ya kwangu, kadi ina jina langu. Ishusheni, na mimi nishuke nayo."

Elinaza alimtazama mkewe, akautazama ule mguu mweupe mgumu, akataka kukasirika, hasira ikakataa kuja, akataka kumkumbatia, mikono ikakataa kuinuka. Alikuwa amepigwa na butwaa kuliko siku ya msumari, kuliko hata pale mferejini.

"Pikipiki ikishuka," akasema kwa sauti ndogo, "na mimi nabaki na nini?"

Watu wote wakamgeukia mwamuzi, na mwamuzi alikuwa Mzee Sifaeli, na Mzee Sifaeli alikuwa amesimama pale kofia mkononi, naye mshitakiwa.

Basi kikao kikavunjika bila hukumu. Nami nimeibeba kesi hii nakwenda nayo nyumba kwa nyumba, na leo nimewafikia ninyi. Msiniambie washuke wote, sheria imesema mmoja. Msiniambie asishuke mtu, kuna mama mja mzito pale juu, miezi yake imetimia, na madereva kumi na tisa wamekaa juu ya pikipiki zao wanasubiri mdomo wenu.

Yuko aliyesikia akakataa kusikia. Yuko aliyefunga akijua. Yuko aliyeona haya kupima. Na yuko yule aliyemeza neno moja kwa ajili ya mapenzi, mguu wake ukavunjika, na bado anaomba adhabu juu ya maumivu.

Je, nani aushuke mlima wa Ngwasi?